Hiyo Mashine Yako ya Vumbi Iliacha Shule Mapema

Wasee, leo tuongee kuhusu hiyo mashine ya kuvuta vumbi ambayo kila kijana anayeanza kazi ya mbao nyumbani anaitafuta. Mnaijua. Mota ya hosipawa moja ama mbili, feni ndani ya boksi ya chuma, mfuko wa kitambaa umevimba juu kama puto, mfuko wa plastiki unaning'inia chini, na hozi ya inchi 4 inayoenda kwa msumeno wa meza. Unaiwasha, maranda yanapotea, sakafu inabaki safi, unapiga video. Maisha.

Msimamo wangu ni huu: hiyo mashine inajua kusafisha sakafu. Mapafu yako haiyajui. Na sababu iko kwa historia yake. Teknolojia ya kuvuta vumbi ilipitia masomo matatu makubwa ndani ya miaka mia moja na kitu, na mengine yalilipiwa na maisha ya watu. Hii ya bei rahisi ilisoma la kwanza, ikatoka shule. Mimi mwenyewe niliacha kampasi, so siidharau kwa hilo. Lakini ukitaka kuiboresha, jua kwanza ni masomo gani ilikosa, ndio usimwage doo mahali si pake.

Somo la kwanza: fundi wa viatu na feni yake

Tuanzie kwa msee anaitwa Benjamin Franklin Sturtevant, aliyezaliwa 1833 huko Maine, Marekani. Kazi yake ilikuwa viatu. Wakati huo soli ya kiatu ilishikiliwa na vijiti vidogo vya mbao, kama vijiti vya meno hivi, na Sturtevant akaanza kuunda mashine za kurahisisha hiyo kazi. Shida ni kwamba mashine za kiwanda cha viatu zilikuwa zinatoa vumbi mbaya. Miaka ya 1860, akiwa Boston, akaunda feni ya kulinyonya. Hiyo feni ndio ilimwomoa. Kampuni yake ikawa moja ya majina makubwa ya feni za viwanda Marekani.

Siri ya feni kama hiyo ni rahisi. Gurudumu lenye mapanga linazunguka kwa kasi, linarusha hewa kuelekea kingo, halafu pale katikati kunabaki pengo. Hewa nyingine inakimbia kujaza hilo pengo, na inakuja na vumbi. Fungua boksi ya mashine yako leo utapata gurudumu linafanya kazi vile vile. Zaidi ya miaka 150 baadaye, wazo halijabadilika.

Viwanda vya mbao vikazipenda hizi feni. Randa ya kutumia mvuke ilikuwa inatoa maranda mengi kiasi kwamba usipoyaondoa kazi inasimama. So wakaweka mabomba, feni ikavuta maranda, ikayapeleka hadi kwa chumba cha boila, yakachomwa yakatoa mvuke wa kuendesha randa ile ile. Uchafu umegeuka mafuta. Mpango safi kabisa.

Lakini cheki vizuri kile kilikuwa kinalipa hapo. Maranda yanayoonekana ndio yalizuia kazi, na maranda yanayoonekana ndio yalikuwa kuni ya bure. Lile vumbi laini linaloelea kwa mwanga wa dirisha halikuwa na faida kwa mtu. Shika hiyo, tutairudia.

Somo la pili: unga uliolipuka

Tarehe 2 Mei 1878, mji wa Minneapolis, Marekani. Kiwanda kikubwa cha kusaga ngano kinaitwa Washburn A kililipuka jioni. Watu 18 wakafa. Hakukuwa na baruti hapo. Kilicholipuka ni unga, unga wa kawaida wa kupika chapati, uliokuwa unaelea hewani.

Ukishangaa unga unalipuka vipi, fikiria gogo na kiberiti. Gogo zima halishiki haraka. Lipasue liwe vijiti, linashika. Lisage liwe vumbi laini na ulitawanye hewani, kila chembe inazungukwa na hewa yake, na cheche moja inachoma zote kwa wakati mmoja. Vumbi la mbao lina tabia hiyo hiyo. Ndio maana viwanda vya mbao vya huko duniani bado vinaogopa cheche kwenye mabomba hadi leo.

Wenye viwanda vya unga wakahitaji njia ya kulitoa vumbi kwa hewa. Mwaka wa 1885, John M. Finch wa kampuni ya Knickerbocker, mji wa Jackson, jimbo la Michigan, akapata hataza ya kifaa ambacho leo tunakiita saikloni.

Saikloni ni faneli kubwa ya bati. Hewa chafu inaingia kwa ubavu juu, so inalazimika kuzunguka kama maji ya sinki. Vitu vizito vinarushwa kwa ukuta wa faneli, vinateleza chini hadi kwa pipa. Hewa iliyobaki nyepesi inapanda katikati na kutoka juu. Hakuna kitambaa cha kuziba. Ndani ya faneli yenyewe hakuna kitu kinachosonga isipokuwa hewa. Ukiwahi kuona picha ya kiwanda kikubwa cha mbao, lile faneli la bati limesimama juu ya paa, ndio hilo.

Hapa kuna story tamu. Miaka ya mwisho ya 1970, Mwingereza James Dyson alikuwa amechoshwa na vakyumu ya nyumbani iliyopoteza nguvu kila mfuko ukianza kujaa. Akaona saikloni kwa kiwanda cha mbao. Akaenda nyumbani akajiuliza kama anaweza kuifanya ndogo. Alitengeneza sampuli 5,127 kabla ya kupata ile aliyoitaka, na mwaka wa 1993 vakyumu yake ya DC01 ikaingia sokoni Uingereza. Leo ni bilionea.

So saikloni ikatoka kwa mbao ikaenda kwa kapeti. Kapeti ya sebule ikapata teknolojia ya kiwanda, na fundi mdogo wa mbao akabaki na mfuko wa kitambaa. Hiyo inanichoma kila nikiifikiria.

Somo la tatu: pua za High Wycombe

Hili ndilo somo lilichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu halikulipuka. Lilikuja polepole.

High Wycombe ni mji wa Uingereza, magharibi mwa London, uliojulikana kwa viti. Vizazi na vizazi vya mafundi walikuwa wanatengeneza viti na fanicha huko. Katikati ya karne iliyopita, daktari wa masikio, pua na koo wa hapo, Esmé Hadfield, aliona kitu hakiingii akilini. Kuna saratani moja ya ndani ya pua, adenokasinoma, ambayo ni nadra sana. Daktari wa kawaida anaweza kufanya kazi maisha yake yote asiione. Yeye alikuwa anaiona mara kwa mara. Na wagonjwa wake walikuwa mafundi wa fanicha.

Mwenzake wa Oxford, Ronald Macbeth, akaandika kuhusu jambo hilo 1965. Mwaka wa 1968, Hadfield, Macbeth na wenzao, akiwemo Donald Acheson, wakachapisha utafiti kamili kwenye jarida la madaktari la Uingereza, wakionyesha kwamba mafundi wa fanicha walipata hiyo saratani mara nyingi mno kuliko watu wengine. Mwaka uliofuata, 1969, serikali ya Uingereza ikaiweka kwenye orodha ya magonjwa ya kazini yanayolipiwa fidia. Mwaka wa 1995, shirika la utafiti wa saratani la WHO, lile liko Lyon, Ufaransa, likaliweka vumbi la mbao kwenye Kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kwa uhakika kusababisha saratani kwa binadamu. Kundi hilo ndilo lina asbestosi na moshi wa sigara.

Tangu feni ya Sturtevant hadi utafiti wa 1968 ni karibu miaka 100. Mashine za kuvuta vumbi zilikuwepo muda huo wote. Lakini zilikuwa zinavuta kile kinachoonekana.

Na sio saratani peke yake. Pua inashika chembe kubwa kubwa, lakini zile laini zinapita hadi ndani ya mapafu. Pumu, kikohozi kisichoisha, macho kuwasha, ngozi kuchubuka. Mbao zingine ni kali kuliko zingine. Mvule, ule tunaousifu kwa milango na vitanda, unajulikana vizuri kwa kuwasha pua na ngozi na hata kuleta pumu kwa baadhi ya watu. Na MDF, ambayo sasa iko kila mahali, vumbi lake ni laini sana na limechanganyika na gundi.

Vile mashine ya bei rahisi ilivyoruka madarasa

Sasa rudi kwa mashine yako. Kampuni zilipoanza kutengeneza mashine ndogo za mbao kwa watu wa nyumbani Marekani na Ulaya, kwanza nyingi kutoka Taiwan, baadaye China, walitaka kifaa chepesi kinachoingia kwa boksi na bei chini. So wakabaki na feni. Saikloni wakaitoa, ni bati nyingi na ni refu. Bomba la kutoa hewa nje pia likaondoka. Badala yake wakaweka mfuko ndani ya chumba.

Mfuko wa hizo mashine mara nyingi umepimwa kushika chembe za maikroni 30 na kwenda juu. Unywele wako ni kama maikroni 70. Chembe zinazofika ndani ya mapafu ni za chini ya maikroni 10. Fanya hesabu. Mashine inanyonya vumbi kutoka kwa msumeno, inashika maranda, halafu ile sehemu laini inaipuliza kupitia kitambaa hadi usoni mwako. Sakafu inang'aa. Hewa imekuwa supu. Na hiyo supu inaelea masaa mengi hata baada ya wewe kuzima mashine na kuvua barakoa.

Kuna sababu nyingine ya mfuko kukaa ndani. Kwa nchi za baridi, hewa ya ndani imepashwa moto kwa pesa. Ukiitupa nje wakati wa theluji unatupa pesa. So inaleta maana kuichuja na kuirudisha. Hiyo shida ni ya Minnesota. Nairobi hatuna. Lakini tumenunua mashine na shida ya wenyewe ndani ya boksi moja.

Sisi tulikuwa na dawa bila kujua

Mwaka wa 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyofanya ulimwengu uanze kuongea kuhusu sekta isiyo rasmi. Sisi tuna jina letu: jua kali. Kazi nje, juani. Watu husema hilo jina kama aibu, lakini kwa mambo ya vumbi, lile jua na ule upepo ndio ulikuwa mtambo wetu. Fundi wa Gikomba ama wa kando ya Ngong Road anayepiga randa nje ana hewa nyingi kuliko msee aliyefunga mlango wa keja.

Sisemi fundi wa nje yuko salama. Akiinama juu ya sanda uso kwa uso na mbao, anavuta tu. Lakini sasa kizazi chetu kinaingia ndani. Chumba cha ziada, gereji ya mzazi, kontena, bedsita yenye dirisha moja. Majirani hawataki kelele, so unafunga mlango. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inayomtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Poa. Lakini kama wewe ndio mwajiri na wewe ndio mfanyakazi, na karakana ni pale kitanda kilikuwa, nani atakuja kukukagua? Ni wewe tu.

Sasa iboreshe, kwa mpangilio

Watu wengi wakitaka kuboresha wanaanza na mota kubwa. Hilo ni kurudia somo la kwanza. Mimi ningeenda hivi.

Kwanza, toa hewa nje. Ondoa ule mfuko wa juu, unganisha bomba pana linalopita ukutani ama dirishani. Hiyo ndiyo njia nafuu zaidi, na hali ya hewa yetu inaruhusu. Masharti ni matatu. Usielekeze kwa jirani ama kwa kamba za nguo. Acha mahali pa hewa safi kuingia, la sivyo feni itakuwa inavuta kwa chumba kisicho na hewa, na kama kuna jiko la makaa ama gesi linawaka ndani, inaweza kuvuta moshi wake kukurudishia. Na mwambie fundi wa stima apime mota inavuta ampia ngapi, kwa sababu feni ya aina hii ikifunguliwa sana inasukuma hewa nyingi na mota inabeba mzigo zaidi.

Kama huwezi kutoboa ukuta, badilisha mfuko uweke filta ya kukunjwa kunjwa, ile ya duara kama filta ya lori, iliyopimwa maikroni 1 ama chini. Ina eneo kubwa la kitambaa, so hewa inapita bila kubanwa. Hapo ndipo pesa inaenda vizuri.

Pili, rudisha saikloni. Sio lazima faneli ya kiwanda. Pipa lenye mfuniko uliofungwa vizuri na saikloni ndogo juu yake, kabla ya feni, linashika maranda na vipande. Feni haipigwi tena na misumari, filta haizibi haraka, na kumwaga uchafu ni kubeba pipa tu. Lakini ukweli usemwe: saikloni inakula nguvu kidogo ya hewa, na haishiki chembe laini zote. Ikiwa mashine yako ni ya hosipawa moja, hatua ya kwanza ndiyo muhimu zaidi.

Tatu, mabomba. Nyingi za hizi mashine zina mdomo wa inchi 5 ama 6, halafu wanaufunika na kigawanyo cha Y cha hozi mbili za inchi 4. Bomba la inchi 6 lina nafasi ya hewa mara 2.25 ya lile la inchi 4. Tumia bomba pana, laini ndani, fupi, lenye kona chache. Hozi yenye mikunjo inakula hewa, so iache iwe kipande kifupi tu mwishoni. Ziba kila mahali panapovuja.

Nne ndio mota, ikibidi. Na ile namba kubwa ya hewa iliyoandikwa kwa boksi, mara nyingi hupimwa bila bomba wala mfuko. Usiinunue kwa macho. Ukinunua mtumba kutoka Marekani, angalia volti kabla ya kuchomeka. Yao ni 120, yetu ni 240.

Na barakoa haiondoki. Ile ya N95 tuliyoijua wakati wa Korona, ivae wakati wa kupiga msasa na wakati wa kufagia. Acha kupuliza vumbi na kompresa, unalifufua tu.

"Lakini kuna mzee amefanya miaka 40 na yuko sawa"

Najua mtaandika hii. Mafundi wa High Wycombe pia walikuwa sawa miaka 40. Hiyo saratani mara nyingi ilijitokeza miaka 30 ama 40 baada ya mtu kuanza kazi, ndio maana ilichukua daktari mwenye jicho kali kuunganisha pua za wazee na karakana za ujana wao. Yule mzee unayemwona bado anapiga randa ni yule aliyebaki. Walioacha kazi kwa sababu ya kifua hawako pale uwahesabu.

Na sisi tunaanza tukiwa na miaka 20. Hesabu 40 kutoka hapo. Utakuwa na 60, watoto wakubwa, pengine karakana yenye jina lako juu ya mlango. Huo ndio umri ambao vumbi la leo litakuja kudai.

Kwa hivyo, kabla ya kuniambia mota yako ni ya hosipawa ngapi, ingia kwa karakana usiku, zima taa, washa tochi ya simu dakika kumi baada ya kukata mbao, uone kinachoelea kwa ule mwanga. Halafu rudi hapa uniambie hewa ya mashine yako inaishia wapi: nje, ama kwa pua yako?